Hita Nne za Mama Lenah

Jumatatu, tarehe 4 Julai 1977. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya Shauri Moyo, na manyunyu yale ya Nairobi, yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu, yalikuwa yamening'inia hewani. Baridi ilikuwa imeingia hata ndani ya viatu. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda nikimalizia maombi ya alfajiri niliposikia gari la Mama Lenah likikohoa.

Lilikohoa, likanyamaza. Likakohoa tena. Nikasema amina upesi kuliko inavyompasa mtu anayemcha Mungu, nikachukua koti, nikatoka.

Mzee Abdurahim alikuwa amenitangulia. Alikuwa fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, na wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini. Alikuwa ameipandisha kanzu yake mpaka karibu na magoti isishike matope, na tayari alikuwa amesimama nyuma ya gari, mikono kiunoni.

"Limekataa," akaniambia. "Shika upande wako."

Nilikuwa na upande wangu. Msimu ule wa baridi ilikuwa imezuka kama desturi pale mtaani kwetu. Waliotoka msikitini walishika upande wa kulia wa gari, na sisi wa ushirika wa asubuhi wa kanisa tukashika wa kushoto. Hakuna aliyetupanga. Gari lilipokohoa mara mbili, milango ilifunguka yenyewe, na watu wakasukuma mpaka kwenye mteremko unaokwenda barabara kubwa. Likishika, kila mtu alirudi kwenye chai yake.

"Sukumeni, mabwana, msilibembeleze," akasema Bi Mishi, mke wa Mzee Abdurahim, akiwa kizingitini na karai lake la mahamri. "Hilo si mtoto."

Tukasukuma. Siku zote lilishika kabla ya kufika nguzo ya taa. Siku hiyo lilishuka mteremko wote likitoa moshi mweupe, likafika chini, likasimama kimya. Tulipolifikia, Mama Lenah alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Jina lake hasa lilikuwa Teresiah, lakini mtaa mzima ulimwita kwa jina la binti yake, aliyekuwa shule ya bweni huko Nyeri. Mumewe, Bedan, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akamwachia gari hilo kuukuu la dizeli lenye mgongo mrefu. Kila alfajiri Mama Lenah alikwenda nalo Marikiti kuchukua kabichi na karoti, akazipeleka Kariokor sokoni na kwenye jiko la shule moja.

"Kile kijicho hakiwaki," akasema taratibu. "Tangu jana hakiwaki kabisa."

Kijicho alichokisema kilikuwa tundu dogo pale mbele ya dereva, lenye waya uliojisokota ndani. Gari la dizeli halina cheche kama la petroli. Kukiwa na baridi, lazima kwanza injini ipashwe moto na hita, vijiti vinne vya chuma vilivyoingia ndani yake, ndipo dizeli ishike. Dereva anabonyeza kitufe na kungoja. Hita zikipata moto, kile kijicho kinakuwa chekundu.

"Umeomba mpaka amina?" Mzee Abdurahim akamuuliza.

"Mpaka amina, mzee. Nikarudia tena."

Wala halikuwa swali la mzaha. Bedan hakuwa na saa ya mkononi. Alipomfundisha mkewe kuendesha, alimwambia abonyeze kitufe, aseme Baba Yetu pole pole mpaka mwisho, na akifika amina, awashe. Hivyo ndivyo gari hilo lilivyowashwa miaka yote. Mzee Abdurahim, aliyekuwa akiazimwa gari mara moja moja kubeba vitambaa, aliliwasha kwa Fatiha na sura moja fupi, na alisema muda ni ule ule.

Siku hiyo jua lilichomoza tukiwa bado tunasukumana nalo. Gari lilipokubali hatimaye, Mama Lenah alikuwa amechelewa Marikiti, na kabichi nzuri zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Hata hivyo alishusha kioo kama kawaida.

"Mungu awabariki nyote," akasema. Kisha akanitazama mimi. "Asante, Ndugu Naftaly."

Lazima niseme hapa jambo lililokuwa moyoni mwangu, maana bila hilo hadithi hii ni ya waya tu. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu na sijaoa. Ujana wangu ulikwenda kwenye karo ya ndugu zangu, na walipokwisha kusimama kwa miguu yao, ndipo nami nikaanza kusoma masomo ya jioni. Nilikaa mkabala na mlango wa Teresiah, na nilimpenda. Nilimpenda kwa namna alivyofagia hata mbele ya milango isiyo yake, na kwa namna alivyoimba sauti ya pili kanisani bila kuifunika ya kwanza. Lakini sikuwahi kumwambia lolote zaidi ya salamu. Asubuhi za baridi ndizo zilizonipa yale maneno matatu, "Asante, Ndugu Naftaly", nami niliyabeba mpaka kazini kwenye stoo ya reli, nikayabeba tena jioni mpaka darasani.

Kwa hiyo gari lile likiwa bovu, mimi nilikuwa na pa kusimama. Likipona, sikuwa napo.

Jumatano jioni mwalimu wetu wa umeme alileta balbu tatu za tochi na betri. Kwanza aliziunga kwa mstari mmoja, umeme upite ya kwanza, utoke uingie ya pili, utoke uingie ya tatu. Zote zikawaka hafifu. Akafungua moja. Zote zikazimika. Kisha akaziunga kwa njia nyingine, kila balbu na njia yake kutoka kwenye betri. Zikawaka kwa nguvu. Akafungua moja, na zile mbili zikaendelea kuwaka kama kwamba hazikuondokewa na mwenzao.

Nikaiona injini ya Mama Lenah. Hita zake nne zilikuwa zimeungwa kwa ule mstari wa kwanza, na kile kijicho kilikuwa kwenye mstari huo huo. Moja imeungua, basi zote zimekufa pamoja nayo, na kijicho kikafumba.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiomba, kama ilivyo kawaida yangu. Nikamshukuru Mungu kwa mwalimu. Nikawaombea ndugu zangu. Kisha nikajikuta ninasema, "Na baridi hii, Bwana, ukipenda, iendelee kidogo." Nikasimama hapo hapo barabarani. Nilikuwa ninaomba mwanamke mjane apate taabu ili mimi nipate salamu. Nikamwambia Mungu, "Hilo la mwisho usilisikie." Nikaenda moja kwa moja nikabisha mlango wake.

"Mama Lenah, nadhani najua ugonjwa wa gari."

Alinitazama akiwa ameshika mwiko. "Unajua au unadhani?"

"Nadhani kwa nguvu."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumchekesha.

Siku iliyofuata nilipitia Gikomba kwa Mbuthia, fundi wa magari niliyesali naye kanisa moja. Alinitafutia hita za aina nyingine, maana zile za zamani zilitengenezwa kugawana umeme, na ukizipa kila moja umeme wote wa betri zinaungua papo hapo. Hizi mpya zilistahimili betri nzima. Akanipa pia waya mnene na rilei, kile kidude kinachobeba umeme mzito ili kitufe kidogo cha dereva kisiyeyuke.

"Ila hizi zina hasira," Mbuthia akanionya. "Zinapata moto upesi. Zikishaiva, ziache. Ukizishikilia, zitakufa."

Jumamosi mchana nilifungua boneti. Teresiah alileta spana za Bedan, zimefungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, zote zinang'aa. Akasimama kando yangu akinipa kila nilichohitaji kabla sijakitaja, kwa maana alimsaidia mumewe hivyo hivyo. Bi Mishi alileta kigoda chake akakaa karibu.

"Naftaly, mwanangu, ushawahi kuifanya kazi hii?"

"Kwa balbu za tochi, Bi Mishi."

"Haya. Mama Lenah, sogea nyuma kidogo."

Nilizitoa hita za zamani. Ya tatu ilikuwa imeliwa ncha, imebaki kama jino bovu. Nikaingiza mpya nne, nikaziunganisha vichwani kwa kipande kimoja cha shaba, kila moja ipate umeme wake bila kungoja mwenzake. Nikaleta waya mnene kutoka kwenye betri, nikapitisha kwenye fyuzi na rilei, nikaufunga mbali na chuma chenye joto. Kile kijicho cha zamani nikakitoa, nikaweka taa ndogo nyekundu mahali pake. Teresiah alikishika kijicho mkononi kwa muda, akakiweka mfukoni mwa aproni yake.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Hizi ni za haraka. Usingoje mpaka amina. Ukifika 'mapenzi yako yatimizwe', achia kitufe na uwashe."

"Hapo katikati?"

"Hapo hapo. Zitakuwa zimeiva."

Akafuta spana moja ambayo tayari ilikuwa safi. "Sawa, Ndugu Naftaly," akasema, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeondolewa picha ukutani.

Bi Mishi alikuwa ameuona uso huo. "Fundi," akaniambia, "hata sisi Fatiha hatuikati katikati." Mimi nilikuwa na furaha ya waya, sikumsikiliza.

Jumatatu ilikuja na baridi kali zaidi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na koti langu. Gari halikukohoa hata mara moja. Lilinguruma, likatulia, likaondoka. Mama Lenah alipita akiinua mkono, naye alikuwa anatabasamu, na hakushusha kioo kwa sababu hakukuwa na haja ya kusimama.

Mzee Abdurahim alibaki katikati ya njia na kanzu yake imepandishwa bure. "Umetufukuza kazi," akaniambia.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe umejifukuza pamoja nasi. Au ninakosea?"

"Chai inapoa, mzee," nikasema, nikaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Teresiah, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nzito kuinyanyua. Darasani mwalimu aliniuliza swali rahisi nikashindwa kulijibu. Jumapili kanisani nilimsikia akiimba sauti ya pili, na baada ya ibada alizungumza na kina mama, nami nikatafuta neno la kumwendea nalo, nikakosa. Mtu hawezi kumwendea mwanamke na kumwambia nasikitika gari lako halijaharibika.

Kisha, asubuhi moja ya wiki ya pili, nikasikia injini ikiwaka kwa kuchechemea. Iliwaka, lakini kwa kutetemeka, na moshi mweupe ukajaa uwanja mzima. Gari halikuhitaji kusukumwa. Jioni Teresiah mwenyewe alibisha mlango wangu.

"Ndugu Naftaly, kuna kitu nimeharibu."

Nikalifungua boneti kukiwa bado na mwanga. Nilizipima hita kwa balbu, moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa nzima. Moja imeungua.

"Ona," nikamwambia. "Ingekuwa zamani, zote zingezima. Hii imekufa, lakini hizi tatu zimeendelea kubeba mzigo wake."

Aliitazama ile iliyokufa, kisha akazitazama zile tatu. "Nimeiua mimi," akasema. "Nimekuwa nikishikilia mpaka amina. Na siku nyingine baada ya amina namwombea Lenah, na mama yangu, na nyinyi wote mliokuwa mnasukuma. Kidole kikiwa hapo hapo."

"Kumbe hukuachia hata siku moja?"

"Nilijaribu siku ya kwanza. Nikafika 'mapenzi yako yatimizwe' nikaachia. Likawaka vizuri sana. Lakini sikuweza kwenda mbali, Ndugu Naftaly. Nilifika kule kwenye nguzo ya taa, nikasimama nikamalizia ile sala iliyobaki. Niliona kama nimemkatiza mtu maneno." Akavuta kanga yake mabegani. "Bedan alikuwa anaisema nami. Yeye ananishikia mkono kwenye kitufe, anasema 'Baba yetu', nami nafuata. Sala hiyo ndiyo kitu pekee tulichokuwa tunafanya kila asubuhi bila kukosa. Si kwamba nimekataa neno lako."

Nilikuwa nimejua kila waya wa gari lile, na sikuwa nimejua hilo. Nilisimama na hita iliyoungua mkononi, nikiwaza kwamba ningeweza kufunga boneti na kusema tutaona. Zingeungua nyingine mbili, tungerudi sote nyuma ya gari, na mimi na upande wangu wa kushoto. Wazo hilo lilipita, nami nikaliacha lipite.

Nikaisema Baba Yetu kimoyomoyo, pole pole, kama nilivyodhani Bedan aliisema, nikisikiliza kila neno lina urefu gani. Nilipofika mwisho nilianza upya. Teresiah aliitazama midomo yangu ikitikisika, akangoja.

"Usiikate," nikasema mwishowe. "Nilikosea kukwambia uikate. Anza sala bila kubonyeza. Kidole kikae tu. Sema yote ya mwanzo. Ukifika 'utupe leo riziki yetu', hapo ndipo ubonyeze. Halafu uendelee bila haraka. Amina na moto vitafika pamoja."

Alirudia polepole, kidole chake hewani. "Jina lako litukuzwe... ufalme wako uje... mapenzi yako yatimizwe..." Alipofika kwenye riziki, kidole kikashuka juu ya kitufe kisichokuwepo. Akaendelea mpaka mwisho. "Amina," akasema, nami nikasema amina pia, na hatukutazamana.

"Na Lenah na mama yangu?" akauliza.

"Hao waombee barabarani. Injini ikishawaka haina shida na maombi."

Akacheka tena, safari hii huku akijifuta macho.

Nilipata hita nyingine kwa Mbuthia, nikaifunga siku ya pili yake. Nilipokuwa ninakaza nati ya mwisho nilijua kabisa ninachofanya. Nilikuwa ninaufunga mlango wangu mwenyewe kwa nje. Lakini nati nilikaza, nikajaribu kuitikisa, nikakaza tena kidogo, kwa sababu kazi ya mtu unayempenda huiachi inalegea.

Tangu hapo gari liliwaka kama saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimepata desturi yangu mpya ambayo hakuna aliyeijua. Nilikuwa nikimaliza maombi yangu nabaki nimepiga magoti, mpaka nisikie mlango wa gari ukifungwa. Hapo naanza Baba Yetu, pole pole, yeye ndani ya gari na mimi kando ya kitanda, ukuta na uwanja kati yetu. Nikifika amina, injini inaunguruma. Haikukosea hata siku moja. Nilijiambia kwamba hiyo inatosha. Nilijiambia hivyo kila siku.

"Yakhe, una nini?" Mzee Abdurahim aliniuliza Ijumaa jioni akiwa kwenye cherehani yake. "Umekonda. Mtu anayetengeneza gari likapona hukonda?"

"Masomo, mzee."

"Masomo." Akakata uzi kwa meno. "Mimi Mishi nilimwona siku ya kwanza kwenye harusi ya watu, nikamtuma shangazi yangu kesho yake. Wewe umemsukuma mwanamke mwezi mzima, na bado unasema masomo."

"Alikuwa ndani ya gari, mzee. Nilisukuma gari."

"Gari lilikuwa na nani wa kulisukuma kabla hujahamia huku? Mimi na wenzangu. Lilikuwa linashika likifika kwenye nguzo. Ulipokuja wewe likawa linashika kabla ya nguzo." Akaipindua nguo. "Naftaly, mwanangu, kila kitu kwako kimechelewa. Hilo si kosa, ni riziki. Lakini usikicheleweshe wewe tena."

Kesho yake asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Julai, ukungu ulikuwa mzito hata nguzo ya taa haikuonekana. Nilipiga magoti. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa. Nikaanza. Nilipofika "utupe leo riziki yetu" nilijua kidole chake kimeshuka. Nikaendelea, nikafika amina, na injini ikaunguruma vizuri, bila kutetemeka.

Kisha ikazimika.

Nilingoja. Nilisikia mlango wa Mzee Abdurahim ukifunguka, na sauti za watu wawili watatu wa ushirika uwanjani. Injini haikuwashwa tena. Hata kukohoa haikukohoa. Nikainuka, na nilipofika nje nilikuwa nimesahau koti.

Teresiah alikuwa ameketi kwenye usukani, kioo kimeshushwa. Watu walikuwa wamekusanyika kwa mazoea yao, wa msikitini kulia, wa kanisani kushoto, lakini hakuna aliyekuwa ameweka mikono kwenye gari. Upande wa kushoto, pale penye taa ya nyuma ya gari, walikuwa wameacha nafasi.

"Ni hita?" nikauliza. "Taa nyekundu imewaka?"

"Imewaka."

"Halafu likazimika lenyewe?"

"Nimelizima mimi, Ndugu Naftaly." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayesoma mbele ya darasa. "Limewaka vizuri. Nikatazama kwenye kioo kabla ya kuondoka, kama alivyonifundisha marehemu. Nyuma hakuna mtu. Wiki ya tatu sasa ninatazama, hakuna mtu. Leo nimeshindwa kuondoka."

Bi Mishi aliliweka karai lake chini.

Nilisimama kwenye ule ukungu nikiwa na shati tu, na sikusikia baridi. Maneno niliyoyatafuta kanisani na darasani na barabarani hayakuja. Nilichoweza kuona ni mkono wake umelala kwenye dirisha, na kile kijicho cha zamani kimening'inizwa kwa uzi kwenye kioo chake cha ndani.

"Mimi nilikuwa ndani," nikamwambia. "Kila siku. Ukifunga mlango wa gari, naanza nawe. Tunamaliza pamoja."

"Baba Yetu?"

"Baba Yetu."

"Basi sikuwa nikisali peke yangu," akasema.

"Hukuwa."

"Naftaly," akaita Mzee Abdurahim kutoka nyuma ya gari. Alikuwa ameishusha kanzu yake ikafunika miguu vizuri, kama anayeingia mahali pa heshima. "Sisi huku hatusikii vizuri. Na neno la namna hiyo halisemwi dirishani. Lisemwe watu wasikie, ili baadaye mtu asije akasema ni ukungu."

"Na lisemwe kabla mahamri hayajapoa," akasema Bi Mishi.

Watu wakacheka kidogo. Teresiah akafungua mlango wa gari, akashuka, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya sokoni. Mwaka ule wote nilikuwa nimemwita Mama Lenah. Niliomba kwa ufupi sana, ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba, nikainua sauti.

"Teresiah," nikasema, "mbele za Mungu, na mbele ya Mzee Abdurahim na Bi Mishi na ndugu hawa wa msikitini na wa kanisani: ukinikubali, nitakwenda kwenu kwa wazee wako kama inavyopasa. Na nitakuwa hapa kila asubuhi Mungu atakayotupa, gari liwake, lisiwake."